Karatasi isiyofika haimfungi mtu

KAMPALA. Mama mmoja wa Busia, upande wa Kenya, analipa fedha za awali kwa magunia 200 ya maharage yaliyomo kwenye ghala la Kisenyi, hapa Kampala. Siku ya kupakia, mwenye ghala anamwambia bei imepanda na mzigo una mteja mwingine. Mama anakwenda kwa wakili, wakili anakwenda mahakamani, na jioni inatoka amri ya muda: maharage yasiguswe mpaka shauri lisikilizwe. Asubuhi mpeleka hati anafika Kisenyi. Kijana wa ghala anamjibu, "Bosi ametoka." Kesho yake bosi ametoka tena. Keshokutwa simu yake haipatikani. Siku ya nne ghala ni tupu, na wapagazi wanasema lori liliondoka usiku kuelekea Elegu.

Mfano huu tumeutunga, lakini hakuna mfanyabiashara wa mipakani atakayeushangaa. Kinachoshangaza wengi ni kinachofuata. Mama anarudi mahakamani akitaka mwenye ghala afungwe kwa kudharau amri. Amri anayo, ina muhuri na sahihi. Ghala tupu analo. Anadhani kesi imekwisha. Jaji anamuuliza wakili wake swali moja: huyu bwana aliijua amri hii lini, na ni nani anayeweza kuapa kwamba aliijua?

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mahakama nayo, kabla ya kuvunja guu la mtu, huuliza kwanza kama sauti ya mkuu ilimfikia. Ndiyo maana ombi la kumwadhibu anayedharau amri hushinda au huanguka siku ile karatasi ilipopelekwa, wiki nyingi kabla ya siku ya kuomba adhabu. Mfanyabiashara anayeliacha jambo hilo kuwa kazi ya tarishi anaweza kushinda kesi yake na bado akapoteza mali yake.

Adhabu ina meno

Anayedhani kudharau mahakama ni neno la kutishia watoto aitazame Kampala ya miaka ya karibuni. Januari 2022, Jaji Musa Ssekaana wa Mahakama Kuu, Kitengo cha Madai, alimtoza Male Mabirizi, mwanasheria anayejulikana kwa kesi zake dhidi ya serikali, faini ya Shilingi milioni 300 za Uganda kwa mashambulizi yake ya mitandaoni dhidi ya majaji. Mabirizi hakunyamaza, na Februari ya mwaka huohuo alihukumiwa kifungo cha miezi 18. Februari 2025 jaji huyohuyo alimhukumu Isaac Ssemakadde, Rais wa Chama cha Wanasheria cha Uganda, kifungo cha miaka 2 wakati mwenyewe akiwa nje ya nchi.

Nguvu hiyo ina mizizi katika Katiba ya 1995. Ibara ya 28(12) inasema mtu hatatiwa hatiani kwa kosa la jinai ambalo sheria haijalieleza na kuliwekea adhabu, kisha inaweka kando kosa moja tu: kudharau mahakama. Kwa kosa hilo, jaji ana uwanja mpana.

Kesi za Mabirizi na Ssemakadde zilihusu zaidi maneno juu ya mahakama. Dharau inayomgusa mfanyabiashara ni ya aina nyingine: mtu ameamriwa afanye jambo au asilifanye, naye akakaidi. Kwa zuio la muda, Kanuni za Mwenendo wa Madai za Uganda, Agizo la 41, zinasema aliyekiuka anaweza kukamatiwa mali yake, na pia anaweza kuwekwa katika jela ya madai kwa muda usiozidi miezi 6. Mali iliyokamatwa haitakaa hivyo zaidi ya mwaka 1. Ukaidi ukiendelea, yaweza kuuzwa na aliyeumizwa akalipwa fidia.

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi sokoni hulichanganya. Hukumu ikisema fulani akulipe Shilingi milioni 30, naye asilipe, kwa kawaida hilo halishughulikiwi kama dharau. Hilo ni deni la hukumu, na lina njia zake za kukaziwa: dalali wa mahakama akamate mali, fedha zake zilizo benki au kwa mdaiwa wake zizuiliwe, au aitwe ajieleze kwa nini asipelekwe jela ya madai, hatua ambayo ina mjadala wake wa haki za binadamu. Dharau ni pale ulipopata amri ya "usiuze", "usihamishe", "fungua ghala", "rudisha nyaraka", ikavunjwa. Mwenye deni la fedha anayekimbilia ombi la dharau hupoteza nauli, ada ya wakili na muda.

Hata hivyo njia zote mbili zina mlango mmoja. Ukitaka kukazia deni au kuadhibu ukaidi, utaulizwa kama mwenzako aliarifiwa.

Mambo manne, na Mganda mmoja

Ukisoma maamuzi ya mahakama za Kampala kuhusu dharau, utakutana mara nyingi na orodha ya mambo manne ambayo mlalamikaji lazima ayathibitishe. Kwanza, kulikuwa na amri halali. Pili, anayelaumiwa aliijua. Tatu, alikuwa na uwezo wa kuitii. Nne, hakuitii. Wafanyabiashara wanaolalamika kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki haina faida kwao watafurahi kujua kwamba orodha hiyo hunukuliwa kutoka Arusha, katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Shauri Namba 8 la mwaka 2012. Aliyelipeleka alikuwa mwanasiasa wa Uganda, Sitenda Sebalu, na aliyelalamikiwa alikuwa Katibu Mkuu wa Jumuiya.

Safari ya Sebalu ina somo zaidi ya hilo. Mwaka 2006 aligombea ubunge wa Kyadondo Mashariki, akashindwa na Sam Njuba, akafungua shauri la kupinga matokeo. Sheria ya uchaguzi wa wabunge ilimtaka amfikishie mpinzani wake notisi ndani ya siku 7. Notisi ilifika nje ya muda huo. Mahakama Kuu ililiondoa shauri, na Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo. Kabla hata ya kura moja kujadiliwa, mtu alikuwa ameshindwa kwa sababu ya siku chache za karatasi. Ni Mahakama ya Juu, katika Rufaa ya Uchaguzi Namba 26 ya mwaka 2007, iliyosema kwamba Bunge halikukusudia kuchelewa huko kuue shauri zima, na ikaamuru lisikilizwe.

Baadaye Sebalu alikwenda Arusha kulalamika kwamba Jumuiya inachelewa kuipa mahakama yake mamlaka mapana zaidi. Mwaka 2011 alipata hukumu, na alipoona haitekelezwi akarudi na shauri la dharau. Mtu mmoja amepita katika milango yote miwili tunayoizungumzia: kufikisha karatasi na kuadhibu ukaidi. Katika mlango wa kwanza alikaribia kupoteza kila kitu. Katika wa pili, ilibidi aonyeshe kwanza kwamba aliyemlaumu aliijua amri.

Katika mambo hayo manne, la kwanza huthibitishwa na muhuri. La nne huthibitishwa na ghala tupu. La tatu mara nyingi huonekana lenyewe: aliyeambiwa asiuze maharage hawezi kudai kwamba kutouza kulimshinda. Linalobaki ni la pili, na ndilo analolitegemea kila anayejificha. Tena kiwango cha ushahidi hapa ni cha juu kuliko kesi ya kawaida ya madai, kwa sababu uhuru wa mtu umo mezani. Shaka kubwa juu ya swali la "aliijua?" humwangukia mlalamikaji.

Njia ya karatasi

Kanuni za Uganda zinaanza na saa ya mkononi. Samansi ikishatoka, mdai ana siku 21 za kuifikisha. Zikipita, anaweza kuomba aongezewe muda ndani ya siku 15 zinazofuata, akiwa na sababu za kutosha. Asipoomba, shauri lake laweza kufutwa. Anayejificha kwa mwezi mmoja na nusu, mdai wake akiwa amelala, ameshinda bila kufungua mdomo.

Kanuni inataka kwanza mdaiwa apewe karatasi mwenyewe, mkononi, pale inapowezekana. Kama ana wakala aliyepewa mamlaka ya kupokea, wakala anatosha. Asipopatikana, karatasi yaweza kuachiwa mtu mzima wa familia anayeishi naye. Angalia maneno hayo vizuri: mtu mzima, wa familia, anayeishi naye. Kijana wa ghala si wa familia. Jirani wa duka si wakala. Mlinzi wa arkedi anayesema "niachie nitampa" hampi mahakama chochote cha kushika. Kampuni nayo ina njia yake: katibu, mkurugenzi au afisa mkuu mwingine, au ofisi iliyosajiliwa.

Mdaiwa akikataa kutia sahihi, au akitafutwa kwa bidii asipatikane na hakuna wa kupokea, mpeleka hati anaweza kubandika nakala kwenye mlango wa nje au sehemu nyingine inayoonekana ya nyumba. Hata hapo kazi haijaisha. Lazima aape hati ya kiapo inayoeleza ni lini alifika, alifanyaje, na ni nani aliyemwonyesha mtu au nyumba ile. Mahakama inaweza kumwita aulizwe maswali chini ya kiapo. Ndiyo sababu wapeleka hati makini mjini hapa hupitia kwanza kwa mwenyekiti wa LC1, atie sahihi na muhuri kwamba walifika mtaani kwake siku fulani na kwamba nyumba ile ni ya fulani. Muhuri huo wa mwenyekiti wa mtaa umeokoa kesi nyingi kuliko hotuba ndefu za mawakili.

Njia hizo zikishindikana, mdai huomba njia mbadala: karatasi ibandikwe mahakamani na mahali mdaiwa alipojulikana kuishi au kufanya biashara mara ya mwisho, au ipelekwe kwa namna nyingine mahakama itakayoona inafaa. Kwa miaka mingi "namna nyingine" imekuwa tangazo katika gazeti la Kiingereza la Kampala.

Kufika kisheria na kufika kweli

Hapa ndipo Mahakama ya Juu ya Uganda ilipotoa fundisho ambalo kila mwenye madai anapaswa kulibandika ukutani. Katika Rufaa ya Madai Namba 7 ya mwaka 2005, Jaji Joseph Mulenga alitenganisha mambo mawili yanayofanana. Kuna samansi iliyopelekwa kwa njia halali, na kuna samansi iliyozaa matunda yake, yaani iliyomfanya mdaiwa ajue kwamba ameshtakiwa ili apate nafasi ya kujibu. Njia ya uhakika zaidi ni kumpa mwenyewe mkononi. Wakala akipokea na asimwambie, au tangazo likichapishwa gazetini na mdaiwa asilione, sheria imefuatwa lakini lengo halikutimia. Na kwa hukumu za mashauri ya haraka ya madeni, ambapo mdaiwa ana siku 10 tu za kuomba ruhusa ya kujitetea, kutotimia huko ni sababu ya kuifungua upya hukumu.

Tulete fundisho hilo Kisenyi. Mwenye ghala ni mtu wa Bunia au Juba, anaongea Kiswahili na Lingala, au Kiarabu cha Juba. Gazeti la Kiingereza la Kampala halisomi. Katiba ya Uganda, tangu marekebisho ya mwaka 2005, inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, lakini samansi bado hutoka kwa Kiingereza. Tangazo lake litahesabika kuwa halali kwa kuendesha shauri. Utakapoomba afungwe kwa dharau, tangazo hilohilo litakuwa fimbo ya mianzi: refu, lakini halina uzito.

Kwa hiyo mdai mwerevu hafurahii hukumu ya upande mmoja kabla ya kujiuliza itasimama muda gani. Hukumu iliyopatikana kwa mdaiwa asiyejua ni kama nyumba juu ya mchanga wa Ziwa Victoria: inapendeza mpaka maji yapande.

Anayejificha naye ana mwisho wake

Je, basi mjanja atacheza kombolela na mahakama milele? Hapana. Kanda yetu imekuwa ikiifunga mianya hiyo mmoja baada ya mwingine.

Kenya ilirithi desturi ya Uingereza, kwamba kabla ya kumfunga mtu kwa dharau lazima awe amepewa amri mkononi, ikiwa na onyo la adhabu. Kidogo kidogo majaji wa Nairobi waliihamisha nguzo hiyo kutoka kwenye kupewa kwenda kwenye kujua. Mwaka 2015, katika kesi ya Shimmers Plaza dhidi ya National Bank of Kenya, Mahakama ya Rufaa ilisema ujuzi wa amri unatosha, na kwamba wakili wa mtu akiijua amri, mteja wake huhesabiwa kuijua. Aliyekuwa na wakili ndani ya chumba cha mahakama siku amri iliposomwa hawezi kujificha nyuma ya mlango wa duka.

Simu nayo imeingia. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Bombay, India, ilikubali kwamba mdaiwa wa kadi ya benki aliyekuwa akikwepa notisi alikuwa ameipata, kwa sababu ilitumwa kwa WhatsApp na alama zilionyesha kwamba ameifungua. Mwaka 2020 Kenya iliandika ndani ya kanuni zake za madai kwamba samansi yaweza kupelekwa kwa barua pepe na kwa programu za ujumbe za simu. Uganda ilitoa maelekezo ya mwaka 2019 ya kutumia teknolojia katika mahakama, na Machi 2022 ikazindua mfumo wa kielektroniki wa kusimamia kesi. Mdaiwa anayejibu ujumbe wa bei ya maharage saa 3, kisha akadai saa 4 kwamba namba hiyo haitumii, anajiandikia ushahidi mwenyewe.

Mahakama za Uganda zenyewe ni kali kwa anayejua. Mahakama ya Rufaa imeshasema kwamba mtu anayeijua amri hana ruhusa ya kuikaidi kwa kisingizio kwamba anaiona batili au ina kasoro. Akiona ina kasoro, aende mahakamani iondolewe. Amri si bei ya sokoni ya kujadiliana.

Na ukiwa wewe ndiye mdaiwa?

Wasomaji wetu wengi hujiona upande wa mdai. Lakini mfanyabiashara wa mipakani, ambaye wiki hii yuko Kikuubo, wiki ijayo Mutukula, na nyingine Goma, ndiye mtu rahisi zaidi kuhukumiwa bila kujua. Ugumu huu wote wa karatasi umewekwa pia kwa ajili yake. Mpeleka hati mvivu anaweza kukaa kibandani akanywa chai, kisha akaapa kwamba alikuona, ukakataa kutia sahihi. Ukirudi kutoka safari, unakuta gari lako limeshikiliwa.

Hapo kinga yako ni daftari lako. Mhuri wa pasipoti au hati ya kusafiria unaoonyesha ulikuwa nje ya nchi siku ile, risiti ya basi, fomu ya forodha, vyote vinaweza kuvunja kiapo cha uongo. Omba mpeleka hati aitwe na aulizwe: nyumba ina mlango wa rangi gani? Ni nani alikuonyesha? Lakini nenda upesi. Aliyejua hukumu akakaa miezi bila kufanya kitu hataonewa huruma kama aliyeijua jana.

Na ukikutana na karatasi, ipokee. Kupokea si kukubali deni. Kutia sahihi kunaonyesha umeiona, basi. Anayekimbia karatasi hukimbia nafasi yake ya kujitetea, na huanza kesi akiwa na sura ya mtu mwenye hatia.

Mpakani karatasi husimama

Umoja wa Forodha wa Jumuiya ulianza mwaka 2005, na Itifaki ya Soko la Pamoja mwaka 2010. Leo lori la mahindi linavuka Malaba kwa nyaraka za mfumo mmoja. Samansi haivuki hivyo. Mdaiwa akiwa Nairobi au Bukoba, mdai wa Kampala kwanza aombe ruhusa ya mahakama ya kupeleka karatasi nje ya mamlaka yake, kisha afuate njia inayokubalika huko inakokwenda. Kila hatua ina ada, na kila ada humkatisha tamaa mwenye mtaji mdogo.

Hukumu ya fedha ina unafuu. Kenya inazitambua hukumu za Uganda, Tanzania na Rwanda chini ya sheria yake ya kutambua hukumu za nje, na Uganda ina sheria zake za aina hiyo. Lakini angalia sharti lililofichwa humo: mdaiwa wa Kenya anaweza kupinga hukumu ya Kampala isikaziwe kwa kuonyesha kwamba hakupata notisi kwa muda wa kutosha kujitetea. Swali la jaji wa Kampala linakungoja tena ng'ambo ya Busia.

Kwa dharau hali ni ngumu zaidi. Sheria hizo za kutambua hukumu zinahusu hasa fedha. Adhabu ya kifungo iliyotolewa Kampala haimfuati mtu Nairobi kwa njia hiyo. Aliyehukumiwa akiwa nje anaweza kukaa nje. Kwa hiyo kama mdaiwa wako ana dalili za kuondoka na mali, usingoje aikaidi amri ndipo uombe adhabu. Agizo la 40 la kanuni za Uganda linaruhusu kuomba, kabla ya hukumu, mdaiwa akamatwe alete dhamana, au mali yake ishikwe, ukionyesha kwamba anataka kutoroka au kuhamisha mali ili kukwepa hukumu. Gunia lililoshikwa Kisenyi lina thamani kuliko hati ya kukamata mtu aliye Juba.

Kilicho mkononi mwako

Mali bila daftari hupotea bila habari, na karatasi ya mahakama ni hivyohivyo. Ulinzi wako huanza siku ya makubaliano, watu wakiwa bado wanacheka pamoja.

Jua jina kamili la unayemlipa. "Hajji wa Kikuubo" aliyehifadhiwa kwenye simu hana anwani mahakamani. Chukua nakala ya kitambulisho chake. Kama ni kampuni, tafuta katika ofisi ya usajili wa kampuni, URSB, ujue wakurugenzi ni nani na ofisi iliyosajiliwa iko wapi. Kisha weka sentensi mbili katika mkataba, hata kama ni wa ukurasa mmoja: kwamba notisi yoyote itahesabika imefika ikitumwa kwa namba fulani ya WhatsApp na barua pepe fulani, na kwamba mtu fulani aliyepo Kampala ana mamlaka ya kupokea karatasi kwa niaba yake. Sentensi hizo mbili zinampa wakili wako mlango wa kuombea njia mbadala isiyotegemea gazeti.

Amri ikitoka, usimwachie tarishi peke yake. Nenda naye umwonyeshe mtu, ili jina lako liingie katika kiapo kama aliyemtambulisha. Pita kwa LC1. Weka onyo la adhabu juu ya ukurasa wa kwanza, kwa lugha ambayo mdaiwa anaielewa. Piga picha karatasi ikiwa mlangoni. Tuma nakala kwa simu, kwa wakili wake, kwa mshirika wake. Hata kama moja ya njia hizo itakataliwa, zote pamoja zinajenga jambo la pili kati ya yale manne: aliijua.

Kwa wenye madai madogo kuna habari njema. Utaratibu wa biashara ndogo wa Jumuiya unarahisisha mizigo isiyozidi Dola 2,000 za Marekani, ambazo kwa viwango vya miaka ya karibuni ni kiasi cha Shilingi milioni 7 za Uganda. Utaratibu wa Madai Madogo wa Uganda, wa mwaka 2011, unapokea madai yasiyozidi Shilingi milioni 10 bila kuhitaji wakili. Kenya nayo ina mahakama ya madai madogo hadi Shilingi milioni 1 za Kenya. Mzigo mmoja wa mpakani unaingia humo wote. Lakini humo nako, hatua ya kwanza ni kumfikishia mwenzako karatasi.

Lililobaki ni la serikali zetu. Ibara ya 126 ya Mkataba wa Jumuiya inazitaka nchi wanachama zioanishe sheria zao na kuhimiza viwango vya pamoja vya hukumu. Hatua ya kwanza yenye faida kwa muuza maharage ingekuwa ndogo tu: fomu moja ya samansi, kwa Kiswahili pia, inayoweza kupelekwa na afisa wa mahakama wa wilaya yoyote ya Jumuiya kwa ada inayojulikana, na kiapo chake kikubalike Kampala, Nairobi, Dodoma na Kigali bila kuulizwa upya. Tumekubaliana juu ya fomu ya forodha kwa gunia. Hatujakubaliana juu ya fomu ya kumwambia mtu kwamba ameshtakiwa kwa sababu ya gunia hilo.

Mpaka hapo tutakapofika, mama wa Busia hana budi kujilinda mwenyewe. Maharage yamekwisha kwenda Elegu. Safari ijayo, kabla ya kuhesabu fedha za awali, aulize kwanza: nikikutafuta na karatasi, nitakupata wapi?